Spika ya Mama Mdogo

Kila jioni Chiriku alirudi kutoka shule, akaosha vyombo, kisha akaketi kumsubiri mama. Darasani walimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika, lakini nyumbani hakuwa na wa kuongea naye. Mama, fundi nguo, alirudi na viporo vya kazi, akainamia cherehani mpaka usingizi umshinde. Ukimsemesha, alijibu "eeh" hata pale jibu lilipopaswa kuwa "hapana".

Ndipo mama mdogo, msusi wa saluni, alipowaletea spika yake ya zamani, ile inayojibu ukiisemesha. Chiriku aliiuliza hali ya hewa, kisha hesabu, na mwishowe mambo ya moyoni. Spika ilijibu kila kitu, tena kwa adabu. Siku moja akaiambia, "Rafiki yangu Kijino bado anakojoa kitandani. Nimsaidieje?"

Jumatatu, Kijino alihama dawati. "Nilikuambia wewe peke yako," alisema, macho yamemvimba. Nyuma yao mtu akaimba, "Kikojozi!" Chiriku aliapa kwamba hakumwambia mtu yeyote, na alisema kweli. Alikula peke yake, akarudi peke yake. Upweke wa nyumbani sasa ulimfuata hadi shuleni.

Jioni alilia mbele ya mama. "Niliiambia spika tu!" Mama akampigia simu mdogo wake.

"Kumbe!" mama mdogo alisema. "Bado imeunganishwa na simu yangu. Kila anachosema kinahifadhiwa humu. Nilivifungua hapa saluni, tukacheka kidogo na wateja. Nilidhani ni utoto tu."

"Mlicheka siri ya mtoto wa watu, mbele ya wazazi wa shule ileile?" mama alifoka. "Futa vyote, uitenganishe na simu yako, kisha uje twende kwa kina Kijino. Utaomba radhi kwa mdomo huohuo uliocheka."

Walikwenda wote watatu. Kijino aliwasikiliza mlangoni. Mwishowe akamwambia Chiriku, "Kesho nitarudi kwenye dawati letu. Siri zangu, lakini, subiri kwanza."

Nyumbani, mama aliichomoa spika kwenye umeme. "Mwanangu, kitu kinachokusikia kinaweza kuyatunza maneno yako, na hujui nani atakuja kuyafungua. Siri ya mwenzio ni amana. Usimpe mtu wala mashine bila ruhusa yake."

"Sasa nitaongea na nani, mama?"

Mama aliitazama nguo iliyokuwa bado chini ya sindano. Akaitoa, akaikunja, akaifunika cherehani.

"Haya, Chiriku," alisema. "Anza tangu asubuhi."