Nusu ya Ujumbe wa Ijumaa

"Tirza, usiiguse hiyo simu! Mishumaa imeshawashwa!"

Mkono wa Tirza ukabaki hewani. Sabato ya Kiyahudi ilikuwa imeingia, simu haiguswi mpaka Jumamosi usiku, na kwenye kioo cha simu alikuwa ameona mstari mmoja tu kutoka kwa mchumba wake, Elkana: "Tirza, nimempigia mkuu wa shule Cleveland. Nimemwambia..."

Kisha kioo kikazima.

"Amekubali ile kazi ya Cleveland," Tirza alisema. "Zisel, mwanaume ameniacha kwa nusu mstari!"

"Hujui bado," alijibu Zisel, mwenzake wa nyumba, akifunika mikate.

"Najua! Nikimfuata huko nikahama New York, kwa Bi Perlow ndiyo basi tena. Sharti lao kila Alhamisi tukae pamoja, tusomeane kazi."

Bi Perlow alisimamia mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa udaktari waliotafiti elimu ya Wayahudi. Tirza alikuwa ameandika peke yake miaka miwili, akilia juu ya karatasi, mpaka mfuko huo ulipompokea. Ulimlipia kodi, sawa, lakini kubwa zaidi ulimpa watu. Kila akiwafikiria alishukuru kama mtu aliyeokolewa majini.

Usiku ule hakulala. Jumamosi baada ya chakula uvumilivu ukamwisha, akapanda vilima vya Washington Heights kwa miguu, kisha ngazi hadi ghorofa ya sita, maana lifti siku hiyo haibonyezwi. Elkana alifungua mlango mdomo umejaa chakula.

"Pete yako nakurudishia!"

"Leo?"

"Kesho! Leo Sabato. Nenda zako Cleveland na kazi yako."

"Wewe, ujumbe umeusoma?"

"Nusu! Ungetuma mapema kama watu wenye akili!"

Elkana akacheka, kisha machozi yakamlengalenga.

"Tirza, kaa. Juzi Alhamisi ulisahau miwani kwangu."

"Bi Perlow alinipa. Alisema ameipata mlangoni."

"Aliipata mkononi mwangu. Nilikuta mwenzenu anasoma sura yako kwa sauti. Ile ya yule bibi anayemfundisha mjukuu baraka ya mkate huku anamfuta kamasi. Watu wazima mnalia humo ndani, na mimi nimesimama nje nalia na miwani yako. Mwaka mzima nakwambia acha huo utafiti, na sijawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Nisamehe."

Tirza alitaka kuendelea kukasirika, ikashindikana.

"Kwa hiyo Cleveland?"

"Nimewakatalia."

"Ulimwambiaje?"

"Subiri nyota zitoke, Sabato iishe, utasoma mwenyewe."

Giza lilipoingia walikuwa jikoni kwa Tirza. Waliiaga Sabato kwa divai, na Tirza akairukia simu, akasoma ujumbe wote:

"Nimemwambia siji. Mke wangu ana kazi hapa, na ana watu wake."

"Mkeo nani? Hata harusi bado!"

"Basi kanishtaki."

Tirza akamkumbatia huku analia, pete ikiwa kidoleni pale pale. Halafu akampigia Bi Perlow.

"Bi Perlow, nashukuru. Kwa yote. Sijui hata nianzie wapi."

"Anza na sura ya nne, tunaisubiri," alisema bibi kizee. "Na huyo mchumba wako, Alhamisi aingie ndani. Kulia mlangoni kuna baridi."