Abner Aomba Msaada wa Injini

Katika nchi ya Wagusii hakuna asiyeijua sheria hii: ng'ombe wa mahari ya dada ni wa kaka yake atakayeoa. Abner Nyangau wa Kebirigo aliijua. Hata hivyo, mwaka 1954 aliwauza ng'ombe sita wa mahari ya dada yake, akaongeza fedha zake za zao la pareto, akanunua lori. Ng'ombe hao walikuwa wa mdogo wake, Angwenyi.

Kwa miezi saba lori lilibeba ndizi bila kusumbua, na Abner akaweka akiba ya kuwarudisha ng'ombe. Kisha, mlimani, injini ilipiga kishindo. Chuma kilivunjika ndani, kikatoboa ubavu wake. Fundi wa sokoni alitikisa kichwa. "Injini mpya, Abner. Itameza akiba yako yote."

Jioni Angwenyi alifika. "Kaka, baba yake mchumba wangu Bitutu amenipa miezi miwili. Nisipopeleka ng'ombe, atamwoza kwingine."

"Lori limekufa, ndugu yangu."

"Basi nimpelekee magurudumu?"

Asubuhi Abner alimwita mhunzi anunue vyuma vilivyovunjika, avifulie majembe. Mhunzi alikuwa akivitia guniani Gulled alipopita. Gulled alikuwa mfanyabiashara wa Kisii mwenye malori matatu.

"Weka chini!" alifoka.

"Ni chuma kibovu tu, Bwana Gulled," alisema Abner.

"Ni shahidi wako! Ukimfanya jembe, nani atakusemea? Lori limekwenda maili ngapi?"

"Elfu tisa."

"Injini iliyotunzwa haifi mapema hivyo. Huenda kasoro ni ya kiwanda."

"Dhamana ilikuwa ya miezi sita. Imekwisha."

"Basi huwezi kudai. Lakini waweza kuomba. Kiwanda kinacholinda jina lake pengine humsaidia mteja, hasa dhamana ikiwa imepita karibuni. Mtu asiifungue tena injini. Livute lori hadi kwa wakala wa kiwanda, Kisumu, pamoja na vyuma vyote na risiti za kubadilisha mafuta. Andika siku uliyonunua, maili, lililotokea na unachoomba. Usitukane, usidanganye. Nakala ibaki kwako."

"Risiti!" Abner alishika kichwa.

Mkewe, Eucabeth, alileta mkebe. "Ulinicheka kwamba natunza takataka. Haya, hesabu takataka."

Kisumu, karani wa wakala alitazama tarehe, akaisukuma barua. "Muda umepita."

Abner alimeza hasira. "Sidai, bwana. Naomba kiwanda chenyewe kinijibu."

Karani aliguna, akaipokea. Fundi wa wakala alikagua injini na kuandika aliyoyaona.

Wiki zikapita. Kila Sabato Angwenyi aliketi mbali na kaka yake kanisani. Wiki ya saba jibu likaja: chuma kilikuwa na ufa tangu kiwandani. Kiwanda kingetoa injini. Abner alipe kazi ya fundi tu. Abner aliisoma barua mara mbili, ndipo akaketi.

Siku tatu kabla ya ile miezi miwili kwisha, alinunua ng'ombe sita kwa akiba yake, akawafikisha uani kwa mdogo wake, na mbuzi mmoja nyuma yao.

"Na huyu?" Angwenyi aliuliza.

"Ni faini ambayo wazee hutoza kwa kosa kama langu. Nilichukua mali ya ndoa yako bila idhini yako."

Angwenyi akanyoosha mkono, akaipokea kamba ya mbuzi.