Kompyuta Iliyosahau Maneno ya Mama

Kila alfajiri, nyumbani kwao Msalato, Asma alifagia mara mbili. Kwanza uwanja. Kisha kompyuta: alifuta kontena la jana, kile kisanduku ambamo programu hukaa peke yake, akaanzisha jipya. Mama yake, Bi Mwajabu, alimzoesha kuanza siku kwa kufagia tangu walipoishi Kondoa.

Ndani ya kontena kulikuwa na kanzidata ya vekta. Hiyo hugeuza kila sentensi kuwa safu ya namba, ili sentensi zenye maana moja zikae karibu. Asma aliingiza humo maneno ya mama, ambaye kifua kilikuwa kinammaliza.

Lakini kila alipofagia, kanzidata ilikuwa tupu. Jana sentensi mia tatu, leo sifuri. Mama alisimulia upya. Maneno yakapotea tena, na sauti yake ikazidi kufifia. Asma aliingiwa na hofu. Akaifunika kompyuta kwa kanga.

"Inanila," mama alinong'ona. "Nitasema mara ya tatu. Pumzi ya nyingine sina."

Asma akamwita jirani yao Ebenezer, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ebenezer alitazama kidogo tu. "Dada Asma, kulizima kontena si kosa. Wewe unalifuta, na data imo ndani."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni wewe."

Asma alilia. Ebenezer akamngoja.

"Tengeneza folda nje ya kontena. Unapolianzisha, liunganishe na folda hiyo, data iandikwe humo. Nakala weka kwenye flashi. Ila tujaribu kwanza."

Waliingiza sentensi moja, wakafuta kontena, wakaanzisha jipya. Sentensi ilikuwepo.

Mama alisimulia siku tatu. Ijumaa iliyofuata walimzika.

Baada ya arobaini, Asma akiwa anafagia, aliitwa kutoka langoni. Sauti aliijua. Hapakuwa na mtu.

Aliingia ndani. Kwa mazoea akafuta kontena, akaanzisha jipya. Sentensi mia tatu na kumi na mbili zilikuwepo zote. Akaandika: "Nimeitwa na mtu nisiyemwona."

Kanzidata ilitafuta maana iliyo karibu, ikaleta sentensi ambayo Asma hakukumbuka kuiandika:

"Ukisikia sauti yangu uwanjani, mwanangu, usiitike. Maliza kufagia."

Asma alirudi nje, akauokota ufagio.