Reli Isiyopigwa Chaki

Ubao wa kwanza ulitoka umeungua. Haukushika moto, ulikuwa na weusi mwembamba tu pembeni, ambao kila seremala anajua maana yake: msumeno haujanyooka. Mke wa fundi Milimita aliunusa ubao ule asiamini. Jana yake, yeye na shemeji yake walishinda wakiufunga msumeno mpya wa meza. Waliweka pima maji mpaka kiputo chake kikatulia katikati. Wakatia alama jino moja la bledi, wakapima kutoka kwenye reli, kile chuma kirefu kinachoongoza ubao, hadi kwenye jino hilo. Walipima mbele, kisha wakaizungusha bledi kwa mkono na kulipima jino lile lile nyuma. Kijiti cha kupimia kililigusa kwa sauti moja pande zote mbili: kwaru, kwaru. Usawa wa kupendeza.

Leo kijiti kilisema kwaru mbele, na nyuma kikasema kraa. Reli ilikuwa imeisogelea bledi kwa nyuma, unene wa ukucha.

"Mashine mpya ndivyo zilivyo, nati zinalegea," shemeji akasema, macho yake yakiwa mlangoni. "Kaza tu, shem, twende kazi."

Wateja walimwita huyo Chapchap, na hawakumwonea. Marehemu kaka yake ndiye waliyemwita Milimita, kwa kuwa hakuna alichokata bila kukipima mara mbili. Ndiyo maana kifo chake kilikuwa cha aibu. Ubao ulibanwa kati ya reli na bledi ya msumeno wa zamani, ukarushwa nyuma, ukampiga kifuani. "Alikuwa na haraka," Chapchap aliwaambia watu siku ile, na neno hilo likafika makaburini kabla ya jeneza. Mkewe naye akalishika. Waliokuja kumpa pole aliwajibu, "Haraka yake, jamani," na kila alipolisema alijichukia, kwa sababu mtu aliyeishi naye hakuwa na haraka hata ya kunywa chai.

Lakini angebisha vipi? Karakana ile ilianzishwa na baba mkwe, Mungu amrehemu, na sheria yake ilikuwa moja tu: anayegusa reli hupiga mstari wa chaki mezani, ili atakayefuata apime kabla ya kuwasha. Siku aliyokufa Milimita, meza haikuwa na chaki. Kwa hiyo hakuna aliyegusa reli, na kosa likabaki la marehemu. Msumeno wa zamani Chapchap aliuuza kwa watu wa vyuma chakavu kabla matanga hayajaisha.

Mke wa Milimita akaunyoosha upya ule mpya, akapiga chaki, akafunga mlango. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao hulala chini ya mto wake. Asubuhi reli ilikuwa imepinda tena, pale pale, unene ule ule, na chaki imefutwa. Akanyoosha tena. Ikapinda tena. Siku iliyofuata alipofungua mlango alikutana na harufu ya mbao zilizoungua, nzito mpaka machozi yakamtoka, na plagi ilikuwa bado inaning'inia ukutani, haijachomekwa.

Mchana umeme ulikatika na mafundi wa jirani wote wakazima mashine zao, mtaa ukanyamaza. Alikuwa anarudi kutoka kula, ufunguo mkononi, alipousikia mluzi wa Chapchap ndani ya karakana, ule wimbo wake usio na mwisho anaoupiga akiwa kazini, akakasirika kwanza, kwamba ameingiaje, kisha akaikumbuka kufuli aliyokuwa ameishika, iliyofungwa, na badala ya kuifungua akaweka jicho kwenye ufa wa mlango, akaona vumbi la mbao mezani likifutwa taratibu kama kwa mkono wa mtu, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, vile anavyofuta Chapchap, lakini mkono haukuwepo, na bledi ikazunguka yenyewe jino kwa jino, na kijiti kikasogea, kwaru, kikasogea tena, kraa, na mluzi ukakatika katikati kana kwamba mpigaji amegundua anatazamwa.

"Shem, mbona umesimama mlangoni?"

Chapchap alikuwa nyuma yake, ameshika chupa ya maji. Mwanamke akaegemea ukuta.

"Kuna mtu ndani," akanong'ona. "Anapiga mluzi wako."

Chapchap hakucheka, naye kwa kawaida hucheka hata msibani.

Umeme uliporudi mke wa Milimita aliifungua reli yote, kipande kwa kipande, peke yake. Nyuma ya bolti ya pili, kati ya reli na chuma kinachoishika mezani, akakuta kipande cha msasa kilichokunjwa na kupachikwa. Akakiacha hapo hapo, akakaza bolti, akamwita shemeji.

"Nimejua kinachoipinda. Kuna kitu kimepachikwa."

Meza ile ina bolti nyingi na pembe nyingi. Kidole cha Chapchap kilikwenda moja kwa moja nyuma ya bolti ya pili.

Kisha akagundua alichofanya, akakirudisha kidole mfukoni. Ndani ya kifua cha mwanamke yule kitu kilichokuwa kimelala tangu mazishi kiliamka.

"Tumwite mganga," Chapchap akasema.

Mganga alikuja asubuhi, mtu mwembamba wa kandambili, aliyewahi kutengeneza saa kabla ya kazi hii. Alichoma ubani, akaweka sikio mezani kama anayesikiliza saa mbovu. Mama mkwe, ambaye magoti yake hayapendi ngazi, alibaki nje kwenye kiti, na mlango ukafungwa.

"Huyu si marehemu," mganga akasema. "Binti, usijipe tamaa."

Ilimuuma, kwa sababu tamaa hiyo alikuwa nayo.

"Ni jini la humu humu, la kwenye maranda. Halina kisa na nyie. Kuna jambo lililiona, likalipenda, sasa linaliigiza kama mtoto anavyoigiza wakubwa. Aliyelifundisha aseme alichofanya, kwa mdomo wake, litatoka. Lakini akija kuyageuza maneno yake, litarudi, na mimi msiniite."

Harufu ya kuungua ikaushinda ubani.

"Reli ilikuwa inacheza," Chapchap akaanza. "Jioni ile nilikuwa na vipande vyembamba vya kukata. Nikakunja msasa, nikapachika. Sikupima. Sikupiga chaki. Asubuhi kaka akawahi, akawasha."

"Mbona hatukuukuta huo msasa?" mke wa Milimita akauliza.

"Niliutoa kabla hamjafika."

"Mume wangu alikuwa ameshakufa?"

Chapchap akafuta uso kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

"Alikuwa ananitazama."

Mezani kijiti kikasogea bila mtu. Kwaru, kwaru. Harufu ikapotea. Mganga akapumua, akakusanya vitu vyake, na wote wakatoka. Mke wa Milimita akafunga kufuli. Alimngoja shemeji yake ayarudie maneno yale mbele ya mama yake. Hilo tu ndilo alilotaka.

"Haya, limesema nini?" mama mkwe akauliza.

Chapchap akamtazama mama yake, akatazama majirani waliokwisha sogea kusikiliza.

"Limetoka, mama. Ni ile haraka ya marehemu tu, ilikuwa haijapoa."

"Mwanangu na haraka zake," kikongwe akasema, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Mganga hakuaga mtu. Alitia mfuko wake kwapani akaondoka mbio mbio, kandambili moja ikamvuka na hakuirudia.

Mke wa Milimita alikuwa na hasira mpaka meno yalimuuma. Akatoa chaki mfukoni mwa aproni, akapiga mstari mmoja mrefu katikati ya mlango, mbele ya macho ya wote.

Mama mkwe alikuwa mke wa fundi tangu usichana wake. Aliutazama mstari ule, mkono wenye upindo ukashuka polepole.

"Nani kagusa reli?"

Ndani, nyuma ya kufuli, mluzi ukaanza. Mama aliujua, aliusikia tangu mwanawe akiwa mdogo. Akageuka kuitazama midomo ya Chapchap, akaikuta imefumba.

Mke wa Milimita akaushika mkono wa shemeji yake, akaufumbua, akaweka ufunguo kiganjani.

"Nenda kaipime, shemeji," akasema. "Wewe angalau umepigiwa chaki."