Makochi ya Mkuu wa Majasusi

Kwenye mitumba ya Mbinga, siku ya mnada, mtu na adabu zake hupotezana. Gaudiosa alivuta mkono wa koti refu la kijivu, akaona mkono wa pili unavutwa na kijana aliyepakaa rangi mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, achia. Hili koti la jasusi."

"Ndiyo maana siachii, dada. Nalitundika ofisini kwa bosi wake."

Kumbe wote wawili wametumwa na kundi moja lililokuja mjini kupiga filamu ya majasusi. Gaudiosa, fundi cherehani, alishona mavazi. Xaveri, fundi rangi wa Mbamba Bay kule ziwani, alijenga mandhari. Ndani ya ghala tupu la kahawa akasimamisha ofisi ya mkuu wa majasusi kwa mirunda na maboksi, akaipaka rangi mpaka ungeapa ni zege. Naye Gaudiosa akashona gauni jekundu lenye mfuko wa siri wa bastola ya mbao. Kwa kutaniana wakapendana, na kwa kuwa mnara wa simu ulikuwa umefika Mbinga, wakabipiana asubuhi hadi jioni.

"Jumamosi njoo nyumbani Matiri," Gaudiosa alimwambia kwenye simu. "Baba anataka kukuona."

"Nakuja, mpenzi. Yale makochi uliyonisimulia bado yapo?"

"Yapo! Wewe njoo tu," akacheka, akidhani ni utani.

Xaveri akaja moja kwa moja kutoka kwenye kupiga picha, ambako siku hiyo aliazimwa kuigiza jasusi aliyepungua, hakupata nafasi ya kubadili nguo. Alivaa suti nyeusi ya jasusi, tai imenyooka, na pembeni yake Mzee Ignatio, mwigizaji wa mkuu wa majasusi, naye ndani ya suti. Kwa watu wa Matiri, kijana wa suti aliyeongozana na mzee ana jambo moja tu: posa. Mzee Stanslaus, baba yake Gaudiosa, akaita ndugu, jogoo akachinjwa, binti akaitwa sebuleni.

"Gaudiosa, unawafahamu wageni hawa?"

Kila aliyekuwepo alijua kwamba kuwafahamu ni kuikubali posa. "Nawafahamu, baba." Shangazi Kunigunda akapiga vigelegele.

Xaveri akatabasamu. "Shikamoo, mzee. Tumekuja kuwaomba mtuazime haya makochi. Ni ya ofisi ya mkuu wa majasusi."

Shangazi Kunigunda akainuka kwenye kochi. Kwa heshima ya wageni mzee akayatoa, pikapu ikaondoka nayo, na Gaudiosa akalia nyuma ya jiko.

Usiku, Xaveri alipopiga mara ya kumi, akapokea. "Gaudi, mbona hupokei simu?"

"Nimekukubali mbele ya ukoo mzima, Xaveri, wewe umebeba makochi! Kanisani nitapitia wapi?"

"Umenikubali? Lini?"

"Vile vigelegele ulidhani vya nini?"

"Nilidhani mnapenda wageni! Kwetu ziwani mshenga hutangulia, kijana habandui mguu."

"Basi ungemtuma lini?"

"Nilikuwa naogopa. Baba yako ana shamba la kahawa, mimi nina burashi."

"Sijakuuliza una nini. Unanitaka, hunitaki?"

"Gaudi, mimi na..." Salio likaisha, simu ikakatika.

Siku zile Gaudiosa alishona huku moyo ukimuuma. Filamu ilipokwisha kupigwa, pikapu ikarudi Matiri na makochi. Xaveri akashuka na shati lake la kazini, limefuliwa na kupigwa pasi lakini madoa ya rangi yamegoma kutoka. Nyuma yake mjomba wake Wendelin na mshenga. Mzee Stanslaus akasimama mlangoni, hakusogea.

"Baba," Gaudiosa akasema, "leo nisiulizwe mimi. Aulizwe yeye amefuata nini."

Mshenga akafungua kinywa, Xaveri akamtangulia. "Mzee, nimemfuata Gaudiosa. Nampenda. Shamba sina, mikono ninayo. Mkininyima, nitarudi tena."

Mzee akaangua kicheko mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Haya, ingizeni hayo makochi. Wakwe hawakai chini."

Gaudiosa akashika upande mmoja wa kochi. Akacheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.