Keki ya Unga wa Mchele

"Ngoja nikusomee, mpenzi. Unga wa ngano... aah, hii itakuumiza tumbo. Nairudisha."

Fundi cherehani alikuwa upande wa pili wa rafu dukani, kikapu mkononi. Sauti ile ilikuwa ya mumewe, fundi umeme, aliyeaga asubuhi kwamba anasafiri kikazi.

Akachungulia kati ya pakiti za biskuti. Ndiye. Simu kaibana kwa bega, miwani puani, anageuza keki za pakiti moja baada ya nyingine.

"Daktari wa lishe alisemaje? Ngano hapana, vitunguu hapana, maziwa hapana. Hiyo FODMAP yenu, orodha ya vyakula vya kuepuka, nimeikariri kuliko sala! Haya, hii ya unga wa mchele itakufaa. Nakuja, na chai nakuchemshia mwenyewe."

Miaka yote ya ndoa, mwanaume huyu hajawahi kukumbuka kwamba karanga humvimbisha mkewe midomo. Juzi tu alimletea za kukaanga, na alipokataa akaambiwa anadeka.

Akazunguka rafu.

"Baba watoto."

Simu nusura imdondoke. "We! Umefuata nini huku?"

"Chumvi. Keki ya nani hiyo?"

"Ya... mteja. Anaumwa tumbo."

"Mteja unamwita mpenzi?"

Kwenye simu sauti ya kike ikauliza, "Haloo? Unaongea na nani?"

Mkewe akanyoosha mkono, akaichukua simu. Mumewe hakuthubutu kumzuia.

"Dada, mimi ni mke wake."

Sauti ikashuka: "Mke wake? Aliniambia mkewe alifariki. Mbona nimemlilia huyo marehemu pamoja naye?"

"Marehemu ndiye unayeongea naye."

Yule dada akaangua kilio. Fundi cherehani alikuwa na matusi tele ulimini, yakamkauka yote. Macho yake yakatua kwenye maandishi madogo nyuma ya ile pakiti.

"Dada, hii keki ina asali. Unaruhusiwa asali?"

"Hapana. Nikila nagaagaa kitandani."

"Basi akikuletea usile."

"Asije kabisa! Nisamehe, dada yangu. Wallahi sikujua."

Simu ikakatwa.

"Mke wangu, sikiliza, ni shetani tu..."

"Nilikufa kwa nini?"

"Eh?"

"Ulipomwambia nimekufa. Ulisema niliugua nini?"

Mwanaume aliinamisha kichwa. "Tumbo," akanong'ona.

Alasiri ile alikuta sanduku lake nje ya mlango wa nyumbani. Akabisha, akabembeleza, akaita majina ya uchumba ambayo hakuwa ameyatamka tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe.

"Nifungulie tuongee, tafadhali. Nakupenda."

"Najua kupenda unajua," alijibu mkewe kutoka ndani. "Leo nimekuona kwa macho yangu ukipenda. Ulivyokuwa unasoma pakiti zile, mume wangu, nilitamani niwe mimi."

Sanduku likaburutwa, hatua zikashuka ngazi polepole, kama za mtu anayetumaini kuitwa.

Mkewe alikuwa ameegemea mlango, kiganja kimeziba mdomo, asije akamwita.