Tano Mpaka Mwisho

"Nilikuambia ubonyeze tano!"

"Lakini Baba, si wewe—"

"Tano, tano, tano mpaka mwisho! Nani alikutuma kuandika?"

"Lakini niliandika yale unayosema kila jioni!"

Wabwile alimvuta bintiye Nasike mkono, wakaharakisha kwenda ofisini. Alifanya kazi Kitale, kwa kampuni ya kigeni ya mbegu za mahindi. Kila mwaka wakubwa wa ng'ambo hutuma maswali kwa simu: je, unaridhika na kazi yako? Moja ni siridhiki, tano ni naridhika sana. Wafanyakazi wote hubonyeza tano upesi upesi, kama mtu anayefukuza nzi.

Safari hii Wabwile alikuwa na matope mikononi, akampa Nasike simu. Mtundu huyo akabonyeza moja. Kwenye maoni akaandika: "Napenda mahindi kuliko ugali wenyewe. Lakini nafundisha vijana kazi, kisha wanakuwa wakubwa wangu. Mimi naambiwa ati nisubiri. Na chai yenu ni maji yaliyosalimiana tu na majani." Akaweka jina kamili la baba yake.

Sasa meneja alikuwa amemwita.

"Nikifutwa kazi, tunarudi Bungoma kwa nyanya yako," Wabwile alisema. "Utamweleza wewe."

Walipoingia, Nasike hakungoja salamu.

"Madam, ni mimi niliandika. Baba hakujua. Tafadhali usimfute!"

Meneja, Madam Savitri, alimtazama Wabwile. "Kwa hivyo si kweli?"

Wabwile angeweza kucheka tu, aseme ni upuzi wa mtoto, mambo yaishe. Badala yake alivua kofia.

"Kidole ni chake, Madam. Maneno ni yangu. Nataka kusimamia shamba, na sijawahi kusema."

"Bana, Wabwile! Miaka yote unanibonyezea tano, mimi najua umetosheka, napandisha wale wanaoomba. Tunafungua shamba jipya Bungoma. Utalisimamia wewe."

Kisha akamgeukia Nasike. "Kutumia jina la mtu bila kumwambia ni makosa. Usirudie. Lakini umesema mwenyewe bila kuulizwa, na hiyo ni sawa. Mtu akificha anachotaka kazini, hata mkubwa mwema hawezi kumsaidia."

"Ndiyo, Madam. Nisamehe, Baba."

Madam Savitri alifunga mlango. Akatoa simu yake, akaisukuma mbele ya Nasike.

"Hata mimi nimetumiwa maswali hayo, na nilikuwa nimeanza na tano," alisema polepole. "Vuta kiti, mama. Nisaidie kujaza upya."